Bisibisi na Ndege ya Nne

Jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Kambi nzima ilimwita Bisibisi, na hata kamanda alijisahau mara mbili akamwita hivyo mbele ya wageni. Alikuwa sajenti, fundi mkuu wa banda la ndege za kivita, mama wa miaka arobaini na saba mwenye vidole vilivyojaa makovu na sauti iliyozoea kushindana na injini.

Kwa miaka kumi na nane alizihudumia ndege za zamani. Zilikuwa mbovu kweli, zinavuja mafuta kama pakacha, lakini zilikuwa na adabu: ukizifungua, zinafunguka. Kisha zikaja mpya, nane, zikapokelewa kwa bendi na hotuba ndefu. Kufikia mwaka wa nne zilikuwa zinaruka tatu. Moja ilikuwa karibu kuruka. Tatu zilikuwa zinasubiri vipuri kutoka ng'ambo. Ya nane mafundi waliiita Duka, maana kila kilichokosekana kwa wenzake kilichomolewa kwake, hadi ikabaki imesimama juu ya jeki, haina pua wala magurudumu.

Kilichomkera Bisibisi si kuharibika kwa ndege. Kuharibika ndiko kulikomwajiri. Kilichomkera ni kukatazwa kutengeneza. Siku moja taa ya onyo iliwaka kwenye ndege ya pili. Alitia mkono, akaugusa waya uliolegea, akaubana. Dakika tano. Lakini kompyuta ya ndege ilikataa kuizima ile taa mpaka iwekewe namba ya siri, na namba hiyo alikuwa nayo mtaalamu wa kiwanda, aliyekuja mara moja kila miezi mitatu na birika lake la chai. Ndege ikalala bandani siku hamsini na tatu kwa ajili ya waya mmoja, uliokwisha kubanwa.

Nyumbani nako hakukuwa na pumziko. Mumewe alikuwa dereva wa malori, safarini nusu ya mwezi, kwa hiyo jioni zake alizimaliza na mama mkwe, bibi mwenye masikio makali.

"Mkwe wangu, hizo ndege zenu zimehama? Zamani nilikuwa siisikii redio yangu."

"Zipo, mama."

"Zipo zinafanya nini?"

"Zinasubiri vipuri."

"Na nyinyi?"

"Sisi tunazisubiri ndege."

Bibi alimtazama, akaguna, akaongeza sauti ya redio.

Wiki tatu kabla ya kikosi kuadhimisha siku ya kuanzishwa kwake, kamanda alimwita ofisini. Alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye jambo baya alilisema huku anapanga kalamu.

"Sajenti, siku ile nataka ndege nne angani. Nne. Nimeshawaahidi wakubwa."

"Tatu zipo, afande. Ya nne fataki zake zimepitwa na muda."

Fataki ndivyo walivyoviita vikopo vya baruti vilivyo chini ya kiti cha rubani. Ndege ikimshinda rubani, anavuta mpini, baruti inalipuka, kiti kinamrusha nje, parachuti inafunguka. Kila kikopo kimepigwa muhuri wa tarehe. Vya ndege ya nne vilikuwa vimepitwa na miezi mitano, na oda ya vipya ilikuwa imekwama kwenye karatasi za upande wa pili wa dunia.

"Toa za Duka," alisema kamanda.

"Za Duka zilipitwa mwaka jana, afande."

"Basi tuandike barua ya kuongeza muda. Wewe utasaini kama fundi mkuu."

"Baruti haisomi barua, afande."

Kamanda aliacha kupanga kalamu. "Unajua saa moja ya kurusha ndege hizi inakula kiasi gani? Mishahara ya mafundi wote wa banda lako, miezi miwili. Watu wanauliza pesa hii inakwenda wapi. Tusipowaonyesha kitu angani, mwakani hatupewi hata mafuta."

"Tuwaonyeshe tatu."

"Tuliwaambia tuna nane!"

Bisibisi alipiga saluti akatoka. Hasira yake kubwa ni kwamba kamanda hakuwa mwongo. Mafuta yangekatwa kweli.

Alitarajia shinikizo kutoka juu. Hakutarajia litoke kwa rubani mwenyewe. Kapteni aliyepangiwa ndege ya nne alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mrefu hata akipiga magoti kichwa kinamfikia mtu kifuani. Kwa cheo alikuwa bosi wa Bisibisi, kwa umri mtoto wake, na wote wawili walishindwa kuamua wafuate lipi. Siku ya pili kapteni alimkuta fundi amelala chini ya bawa, akachuchumaa.

"Mama, nisainie."

"Wewe ndiye utakayekikalia kile kiti, mwanangu."

"Ndiyo maana naomba mimi. Mwezi uliopita niliruka saa mbili. Mwezi wa kabla yake, moja na nusu. Nilisomeshwa miaka mitano ili niruke, sasa nashinda kwenye kile chumba cha mazoezi nikirusha picha ya ndege kwenye skrini. Mikono inasahau, mama. Nikikaa mwaka mwingine hivi, hata hiyo fataki ikiwa mpya haitanisaidia."

Bisibisi alitoka chini ya bawa, akajifuta grisi taratibu ili apate muda wa kumeza hasira.

"Kwa hiyo nichague uanguke kwa sababu gani? Kwa kutoruka au kwa kuruka?"

"Chagua niruke."

"Sisaini."

"Una roho ngumu wewe!" Kapteni alisimama, akakigonga kichwa kwenye bawa, akaondoka amekishika, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Kamanda alijaribu fundi mwingine, aliyesema mkono unamuuma. Akajaribu wa tatu, naye akaomba likizo ya msiba wa ndugu ambaye siku hiyohiyo alikuja getini kumtafuta. Ndege ya nne ikabaki bandani.

Siku ya maadhimisho Bisibisi hakupewa kiti uwanjani. Alitazama nyumbani kwenye televisheni, pamoja na mama mkwe. Ndege zilipita kwa mngurumo, nzuri kupita kiasi, licha ya kila kitu. Mtangazaji akapaza sauti: "Na hizo hapo, ndege zetu nne, zikipasua anga!"

Mama mkwe alisogelea kioo, akahesabu kwa kidole. "Moja, mbili, tatu. Ya nne iko wapi?"

"Bandani, mama."

"Huyu baba haoni?"

"Anasoma alichoandikiwa."

Kumbe karatasi ya mtangazaji hakuna aliyekumbuka kuirekebisha. Kesho yake magazeti yote yaliandika nne. Bisibisi alipata barua ya onyo kwa kutotoa ushirikiano katika zoezi ambalo, kwa mujibu wa barua hiyohiyo, lilifanikiwa kwa asilimia mia.

Fataki mpya zilifika baada ya miezi miwili. Utaratibu ulitaka zile za zamani ziteketezwe, basi wakazipeleka kwenye shimo la mchanga, kapteni akaja kutazama. Zililipuka zote, moja baada ya nyingine, safi kabisa.

"Unaona?" alisema kapteni. "Ningeruka."

"Nimeona."

"Zilikuwa nzima, mama! Zote!"

"Nimefurahi. Na kesho ukiniletea zilizopitwa, sisaini."

Kapteni akacheka kwa uchungu. Angalau salamu zilirudi.

Mwezi uliofuata walikuja wauzaji. Walikuwa watatu, wenye suti na mfano mdogo wa ndege ya kizazi kijacho, iwezayo kuruka na rubani au bila. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei ya moja ya zile nane ilipokuwa mpya. Kamanda aliushika ule mfano kama mtu aliyepewa mjukuu. Bisibisi alikuwa ameitwa ili kujaza viti vya ufundi, na mwishoni akaulizwa kwa heshima kama ana swali.

"Ninalo moja. Ikiharibika, nani anaifungua?"

Muuzaji alitabasamu. "Mfumo wake unajitambua kabla haujaharibika. Unatutumia taarifa sisi moja kwa moja."

"Nyinyi. Sawa. Na mimi?"

"Wewe utapata taarifa kwamba tumepata taarifa."

Watu walicheka wakidhani ni utani. Bisibisi alikusanya karatasi zake, akaomba ruhusa, akaenda chooni kunawa uso kwa maji baridi mara tatu.

Ununuzi ule uliundiwa kamati, na kamati ikaundiwa kamati ndogo. Wakati huo kikosi kilinunua kitu kingine bila bendi: vindege kumi visivyo na rubani, vyepesi, vya bei ya chini. Kapteni alihamishiwa huko. Alipewa kontena lenye kiyoyozi, kiti cha ofisi na skrini mbili, na sasa aliruka saa sita kila siku bila kunyanyua kisigino. Bisibisi naye alitakiwa kwenda kwa siku mbili za juma, maana hakukuwa na fundi mwingine aliyepatikana.

Siku ya kwanza alikuta kimoja kimezimika. Injini aliibeba kwapani. Skrubu zilikuwa za kawaida, zilifunguka bila kuuliza namba ya siri. Akasafisha plagi, akafunga, ikawaka. Nusu saa tu, pamoja na chai.

"Hongera," alisema kapteni, aliyekuwa amesimama mlangoni pa kontena kunyoosha mgongo. "Umefurahi?"

"Kinapiga kelele kama mashine ya kunyolea," alijibu. "Miaka ishirini na mbili nimejifunza kutengeneza radi, halafu leo nimefurahia mashine ya kunyolea. Usiniulize tena."

Kapteni alirudi ndani kwenye kiti chake. Bisibisi akavuta kindege cha pili.