Jina la Mkuu Juu ya Hadithi ya Rahimin

Mwalimu Kelsom binti Embong alizaliwa Marang, pwani ya Terengganu, kwa mama aliyekanda samaki na unga wa sago tangu alfajiri, mikono haiishi shombo. Hadithi yake ya kwanza ilisomwa redioni angali msichana. Mama aliisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mbona umewatangazia watu kwamba tunanuka?" Tangu hapo Kelsom hakuandika ila kinachonuka. Riwaya zake zilisifiwa sana na watu wasiozisoma, na chuo chetu cha ualimu kikamwajiri afundishe uandishi.

Darasani alikuwa mkali. "Mwezi, mwezi, kila mmoja kaandika mwezi!" alifoka akirudisha kazi. "Kwani nyumbani kwenu hakuna sufuria?"

Mwanafunzi aliyemsikia ni Rahimin. Aliandika juu ya baba yake, mgema wa miti ya mpira, anayesugua mikono kwa ndimu kabla ya kushika msahafu, na uvundo wa utomvu haumtoki. Kelsom aliisoma amesimama, kisha akatafuta kiti.

Chuo kikachapa kitabu cha hadithi za wanafunzi. Ya kwanza ilikuwa ile ya mgema, na juu yake jina la mkuu wetu Baharom, mwenye cheo cha heshima cha Datuk, mtu aliyepaka marashi hadi kwenye tai.

Kelsom alimfuata ofisini.

"Nimeinyoosha kidogo tu, Mwalimu," Datuk alisema akichokonoa meno. "Kwa jina langu itasomwa hadi wizarani. Kijana bado ana umri, ataandika nyingine."

"Baba yako aligema mpira, Datuk?"

"Ah, Mwalimu na utani wako!"

Akatoka bila kuaga.

Siku ya kuzindua kitabu, meza ya wakubwa iliwekewa wali wa nazi na jodari. Wanafunzi walipewa vifurushi vilivyopoa. Datuk akasimama, midomo ikimeremeta mafuta, akatupa shairi:

Maua yamechanua,
Embe limeiva tele;
Chuo chetu chainua
Vijana wasonge mbele.

Kwetu shairi likitupwa mbele za watu haliachwi lianguke. Lazima lijibiwe. Macho yote yakamgeukia Kelsom. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa haambiwi kosa lake waziwazi, huambiwa kwa shairi, naye mwenyewe ajipapase. Kelsom akashika kipaza sauti:

Kuku katamia yai,
Bata ndiye asifiwa;
Mwenye kazi hajidai,
Mwingine ashangiliwa.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Datuk alipiga kuliko wote. "Kweli kabisa!" akapaza sauti. "Mimi kazi yangu sijidai hata siku moja!" Akamwita mpiga picha, akamwekea Kelsom mkono begani.

Nilikuwa karibu, nilimwona Kelsom akimeza mate kama aliyetafuna samaki aliyeoza. Tusi lake alikuwa amelipaka asali hata likalambwa. Akautoa ule mkono begani.

"Hadithi ya kwanza kitabuni ni ya Rahimin," alisema, bila vina. "Datuk ameiba."

Walimu wakainamia sahani zao. Mmoja alianza kuchambua miba ya jodari kwa bidii ya ajabu. Kisha Rahimin akainuka kule nyuma, uso umempauka.

"Samahani, Datuk. Mwalimu amechanganya. Si yangu."

"Umeona?" Datuk alicheka kwa upole. "Mwalimu wetu amechoka. Mpeni maji."

Kelsom alimkuta kijana nje kwenye mabomba, akisukutua.

"Mbona umemkana baba yako, mwanangu?"

"Mwezi ujao tunapangiwa shule za kufundisha, Mwalimu. Yeye ndiye anayetia sahihi." Akatema maji. "Nilikuwa nimeshanyamaza. Nani alikutuma?"

"Basi andika nyingine. Hiyo nitailinda mimi."

"Siandiki tena. Uliniambia niandike kinachonuka, nikaandika. Umeona nani kala."

Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, akarudi ndani kupiga picha na wenzake. Wiki iliyofuata Kelsom aliacha kazi. Datuk alimfanyia sherehe ya kumuaga, mwenyewe Kelsom hakwenda.