Njia ya Mchangani, Karibu na Kigombe

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika usukani. Nilivuliwa viatu. Nilikuwa nimefika kambi ya barabara pale Pongwe alfajiri, kaptura imepigwa pasi, leseni mpya mfukoni, na mkononi saa aliyoniachia marehemu baba. Nilikuwa kijana wa Tanga mjini, na vijana wa mjini wakati ule tulijiona tumezaliwa tukijua. Nyapara wa genge akanitazama kuanzia utosini, akatua kwenye viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva? Haya, vua hivyo, utembee mbele ya lori."

Huyo alikuwa Mzee Mbaruku, mtu wa kijiji cha Kigombe, pwani kusini mwa Tanga, mfupi, mwenye nyayo pana. Genge lilikuwa kundi la vibarua kumi na wawili waliotunza kipande cha barabara: kufukia mashimo kwa kifusi, kuzibua makalvati, yaani yale mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara, na kufyeka majani ya kando. Nyapara ndiye aliyewaongoza, na lori ndilo lililobeba kifusi, makoleo na watu. Nilidhani dereva ni bwana mdogo wa msafara. Mzee Mbaruku akanitembeza peku karibu saa nzima, huku vibarua wakinicheka kutoka juu ya lori.

"Kanyaga kwa kisigino," akasema. "Kisigino kikizama, na lori litazama. Kisigino kikirudishwa, pita. Hiyo ndiyo shule yetu siye."

Nilirudi nyumbani na malengelenge na hasira. Lakini wiki haikuisha kabla sijaanza kuipenda ile kazi. Asubuhi za barabarani zilikuwa na ukimya fulani ambao sijaupata tena popote. Ukungu ulikaa juu ya mashamba ya mkonge, barabara nyekundu ikapotea ndani yake, na sisi tukaenda polepole tukiitafuta. Mara nyingine nilihisi kama lori limesimama na nchi ndiyo inayopita. Hata leo, nikifumba macho baada ya sala ya alasiri, huiona ile barabara kabla sijaona kitu kingine.

Juu ya nyapara alikuwapo Bwana Barabara, Mzungu mhandisi, mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni alichokitamka neno kwa neno kama anayehesabu ngazi. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda ramani, na alikuwa akisikitika kila alipokuta nchi haikufuata ramani yake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, katika Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mahujaji wanapoanza safari, masika bado hayajatupa kisogo, dhoruba ilipotushukia. Siku tatu mfululizo mvua na upepo, minazi ikalala, mashua zikapasuliwa ufukweni. Ya nne, habari ikaja kwamba daraja la barabara ya pwani, lile la mto mdogo upande wa kaskazini wa Kigombe, limechukuliwa na maji. Tulikwenda kulitazama. Zilibaki nguzo mbili tu, na kati yake mto umefura, rangi ya chai ya maziwa, unakimbilia baharini na miti mizima. Bahari yenyewe ilikuwa imechafuka, hakuna nahodha aliyethubutu kutoka.

Bwana Barabara akakunjua ramani juu ya boneti ya lori.

"Tafuta njia nyingine ya magari," akamwambia Mzee Mbaruku. "Na upande wa pili yuko haji mmoja, bibi mzee. Meli ya mahujaji itaondoka Tanga Alhamisi saa nane mchana. Nimeahidi kwamba atafika."

Mzee Mbaruku akainamisha kichwa. Nilijua kwa nini. Huyo haji alikuwa Bi Mwanasha, dada yake wa tumbo moja, mwalimu wa chuo aliyewasomesha Kurani watoto wa Kigombe hata wengine wao wakawa babu. Umri wake wote alikuwa akiweka akiba ya safari hiyo moja. Mtoto wa kiume wa Mzee Mbaruku, ambaye ndiye angekuwa maharimu wa Bi Mwanasha, yaani mwanamume wa ukoo wa kumsindikiza njiani, alikwishatangulia Tanga kushughulikia hati za safari. Kilichobaki ni kumfikisha shangazi yake melini. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Kutafuta njia ya mchepuko, yaani njia ya kuzunguka pale palipokatika, ni kazi ya subira. Unaanza kwa kwenda juu, mto unakoanzia, kwa sababu huko huwa mwembamba. Tulirudi hadi Pongwe, tukaingia mashamba ya mkonge, tukafuata njia za matoroli na za matrekta, Mzee Mbaruku mbele kwa miguu, mimi nyuma kwa gia ya kwanza. Udongo wa huko ni mweusi, ukilowa hushika gurudumu na kulikatalia. Tulikata matawi, tukayatandika, tukasukuma, tukalala ndani ya lori. Tuliuvuka mto Jumatano asubuhi mahali penye mwamba, na nyuma yetu ukingo ukaporomoka wote.

"Hii si njia ya magari," akasema Mzee Mbaruku. "Tumepita kwa rehema tu. Kurudi tutarudi kwa mchangani."

Mchangani maana yake ni mlangoni mwa mto, pale unapoingia baharini. Huko maji hutawanyika juu ya uwanja mpana wa mchanga, na bahari ikipwa sana mto huwa wa kufika kwenye goti tu. Huo ndio mchepuko wetu. Lakini uwanja huo huwa wazi kwa muda mfupi, saa moja kabla ya maji kupwa kabisa na saa moja baadaye. Kisha bahari huurudia uwanja wake.

Tulifika Kigombe adhuhuri, maji yanajaa. Jioni tukakaa barazani kwa Bi Mwanasha, tukaanza hesabu. Watu wa pwani yetu hesabu hiyo hatukuipata ofisini. Unachukua tarehe ya mwezi mwandamo, na tarehe inakupa saa ya maji. Kumi na sita, maji hupwa saa nne u nusu asubuhi. Kumi na saba, saa tano na robo. Kila siku hukawia kama robo tatu ya saa. Mtoto wa miaka saba aliijua.

"Kesho kumi na sita," akasema Mzee Mbaruku. "Saa nne u nusu."

"Kesho kumi na saba, mzee," nikasema mimi. "Mjini mwezi uliandama siku moja kabla yenu. Habari zilitoka Pemba, watu wameuona kwa macho."

"Huku hatukuuona. Kulikuwa na mawingu. Tukatimiza thelathini."

"Ndiyo hivyo basi. Nyie mlizibwa na mawingu, Pemba hawakuzibwa."

Nilisema kwa adabu, lakini ndani nilikuwa nikitabasamu. Nilimwona mzee wa shamba asiyekuwa na saa, anayebishana na mji mzima. Yeye aliacha kubishana. Mambo ya mwezi huingia katika dini, na Mzee Mbaruku alikuwa mtu wa kuogopa kuwatia watu fitina usiku wa safari ya haji. Bi Mwanasha, aliyekuwa akikunja kanga zake sandukuni, akatuamua kwa sauti ndogo.

"Usukani anao huyu kijana. Tumfuate yeye."

Maneno hayo yalinifurahisha sana wakati ule. Sasa ninayasikia kwa namna nyingine.

Alhamisi kukapambazuka jua safi, la kwanza tangu dhoruba. Kigombe nzima ikaja kumuaga. Walijipanga kutoka mlangoni hadi njia panda, na mmoja mmoja akasogea, akamshika mkono, akamnong'oneza salamu za kumpelekea Mtume. Ndiyo ada yetu: haji hubeba salamu za wote wasioweza kwenda. Bi Mwanasha alizirudia zote kwa jina, asisahau hata moja. Harufu ya udi ilitoka ndani, watoto wa chuo wakasoma kasida, na upepo ukawa mtulivu hata majani ya minazi yaliyolala hayakutikisika. Nilisimama nimeegemea lori, nikajiona nimo ndani ya ndoto ya mtu mwema. Nimewahi kuhudhuria harusi nyingi na mapokezi ya wakubwa, sijaona asubuhi kama ile.

Saa nne Mzee Mbaruku akanijia. "Kijana, tuondoke."

Nikamwonyesha saa yangu ya mkononi. "Maji hayajapwa, mzee. Tuna nafasi tele. Dua isikatishwe."

Nami nilisema kweli ya moyo. Sikutaka kukata ile foleni ya salamu. Akanitazama, akaitazama saa, akarudi kukaa. Tukasoma dua yote, tukanywa kahawa, tukampandisha Bi Mwanasha kiti cha mbele. Tukafika mchangani saa sita kasorobo, kwa hesabu yangu tukiwa bado na nusu saa.

Nilikuwa nimepunguza upepo wa matairi ili yasizame mchangani, na vibarua walikwishatandika makuti pale pa kushukia. Nikaliteremsha lori. Mchanga uling'aa, mpana, na mbingu yote imo ndani yake, hata sikujua gurudumu linakanyaga nini. Tulikuwa karibu na katikati nilipoona ule mng'ao unatembea. Ulikuwa unatujia, taratibu, bila wimbi wala kelele. Mzee Mbaruku alikuwa mbele kwa miguu kama kawaida yake. Alisimama. Maji yakampita vifundoni, yakapanda kwenye goti, akainua mikono yote miwili.

"Rudi! Rudi nyuma, usigeuze!"

Nilirudi kinyumenyume, kichwa nje ya dirisha, maji yananifukuza. Tulipofika kwenye makuti nilikuwa nimelowa jasho. Nikageuka kumtazama Bi Mwanasha. Alikuwa akitazama mbele, mikono juu ya mapaja, midomo ikitembea.

"Tusubiri, bibi," nikasema, nikijifuta macho. "Yatapungua."

"Hayapungui, mwanangu. Ndiyo kwanza yanajaa," akasema. "Usilie. Wewe ulitaka watu wamalize salamu zao."

Mzee Mbaruku hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa mchangani, akiyatazama maji mpaka saa nane ikapita.

Ijumaa tukavuka vizuri kabisa, matairi hayakulowa hata nusu. Maji yalipwa saa tano na robo, saa ileile niliyoisema mimi, isipokuwa ilikuwa siku ya pili yake. Sisemi nani aliuona mwezi na nani hakuuona. Bahari haikuwa na haja ya kutuuliza. Bandarini tulimkuta yule kijana wa Mzee Mbaruku amekaa juu ya sanduku lake. Hakupanda, kwa kuwa safari yake ilikuwa ni kumsindikiza shangazi yake. Akasimama, akambusu mkono. Bi Mwanasha akatazama pale meli ilipokuwa imetia nanga, akaomba maji ya kunywa, na baada ya hapo akaomba arudishwe nyumbani.

Bwana Barabara alifurahi. Akatuita ofisini, akachora mstari mpya kwenye ramani kwa penseli nyekundu.

"Kazi nzuri sana. Magari yatapita mchangani mpaka daraja liishe kujengwa."

"Bwana," nikasema, "bibi hakuwahi meli."

"Nimesikia. Pole. Mmechelewa siku moja tu." Akakunja ramani. "Siku moja si kitu. Mwaka ujao ipo meli nyingine."

Magari yalipita pale karibu miezi mitatu. Kila asubuhi niliandika kwa chokaa juu ya ubao saa ya maji kupwa, na kabla ya kuandika nilikwenda kumuuliza Mzee Mbaruku. Hakuna gari lililozama. Kwa sifa ya njia hiyo nikapandishwa cheo. Mwaka ule ukaenda, na Bi Mwanasha akafariki mwezi wa Rajabu, kabla Mfungo Pili haujarudi. Nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Mzee Mbaruku ndiye aliyeniita nishike jeneza, na nikiwa nimelishika nililia mbele za watu wote.

Baada ya hapo nilihamishiwa Moa, karibu na mpaka, nikawa nyapara wa genge langu mwenyewe. Nikahudumu chini ya Mkaguzi wa Barabara aliyependa mifereji kuliko watu, na baada ya Uhuru chini ya Mhandisi wa Mkoa, Mwafrika wa kwanza kukaa kile kiti, aliyekuwa akinisikiliza mpaka nikaona haya. Nilifundisha madereva wengi. Kila mmoja nilimvua viatu. Waliponiuliza hesabu ya maji niliwafundisha, kisha nikawaambia waende wenyewe ufukweni wakayatazame, na wamuulize mtu wa palepale hata kama hana saa. Walidhani ni maneno ya uzee.

Nilistaafu nikiwa na nguvu kidogo. Wanangu walitaka kiinua mgongo nijengee nyumba ya vyumba vya kupangisha, nikakataa, wakanuna. Nikaenda Hija, kwa ndege, saa chache tu, nimekaa dirishani nikitazama mawingu. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa ninaogopa. Nilipofika Arafa, katikati ya ule umati mweupe usiokuwa na mwisho, kila mtu amenyanyua mikono kujiombea, mimi nilinyanyua yangu nikasema jina la Mwanasha binti Hamisi wa Kigombe kabla ya kusema langu. Nikamwambia Mola kwamba bibi huyu alikuwa tayari tangu Alhamisi ile, na kwamba aliyechelewa ni dereva.