Waya za mbenga na mwezi uliokawia

Siku yangu ya kwanza kwenye maporomoko ya mto, Kapita, mkubwa wa mtumbwi, alinipa ndoano na kipande cha waya. "Funga. Nikivuta ikitoka, rudi kwa papa yako mukapige sufuria."

Papa yangu alikuwa fundi wa chuma mjini, mwislamu kama mimi. Wavuvi wa maporomoko wengi ni wakristo. Kapita akavuta, akavuta tena. Haikutoka. Hakunisifu. "Bon, kesho uje na ingine."

Nilisoma kidogo, kwa hiyo mutanivumilia ninyi vijana nikieleza vibaya. Mbenga, yule samaki mkubwa wa mto wetu, ana meno kama ya mbwa, na uzi wa nailoni anaukata kama kitunguu. Ndiyo maana kati ya ndoano na uzi tunaweka waya, na waya ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nasa, vile vikapu vikubwa vya kwenye maji makali, sikuvigusa. Hiyo ni kazi ya ukoo wa kina Kapita. Baadaye Prezida wa chama cha wavuvi alinituma Ubundu kushona nyavu. Sikuwa hodari wa nyavu, na yeye aliniambia hivyo kwa upole. Akanirudisha kwa Kapita, kupanga safari ya kuvua mbenga Yanonge, kule mto unakoshukia.

Safari ile haipangwi kwa kalenda. Maji yakianza kushuka, samaki wadogo wanatoka nayo msituni, na mbenga wanawangoja kwenye midomo ya vijito. Kapita alikuwa na jiwe lake kando ya mto. Likionyesha mgongo, tunatayarisha. Likionyesha tumbo, tunaondoka siku ile ile.

Mwaka wake wa mwisho wa kazi, binti yake alikuwa anaolewa. Katika ukoo wake, baba wa bibi arusi anawapelekea wakwe kichwa cha mbenga aliyemvua mwenyewe. Wakwe walimtania sokoni: "Kapita, tutakula kichwa ama tutakula maneno?" Naye: "Mutafute meno ya kukodi, mifupa iko mingi."

Jiwe lilionyesha mgongo mwisho wa Ramadhani. Waya zilikuwa tayari, nimezitundika chumbani kwangu zisishike kutu. Nikamwambia, "Kapita, kesho Idi. Kesho kutwa tunaondoka." Akakubali. Jioni ile mwezi haukuonekana. Tukafunga siku ingine, Idi ikasogea.

Asubuhi baada ya Idi nilifika mtoni na waya begani. Kapita alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi, vitu vyote vimepangwa. Jiwe lilikuwa limeonyesha tumbo tangu jana.

"Kwa nini hukutuma mutu? Ningempa waya mlangoni. Ningekuja mimi mwenyewe, hata na kanzu."

"Nyumba iko na sikukuu," akasema. "Haigongwi kwa sababu ya samaki. Panda."

Yanonge tulikuta wanawake wanakausha mbenga juu ya moto. Mmoja akatuonea huruma: "Walipita jana, papa. Leo mutapata maji tu." Tulitega mpaka jua likaanguka. Chambo zetu zilirudi nzima.

Kapita alinunua kichwa kwa yule mama, akakipeleka kwa wakwe. Nilikuwapo. Kilikuwa kimeshashika moshi, na kila mutu pale alijua maana yake. Walikula, wakashukuru kwa heshima. Hakuna aliyemtania tena, siku ile wala sokoni. Kapita alimwachia mkwe wake mtumbwi na hakushuka tena Yanonge.

Nimejaribu kugawa lawama sawasawa. Mwezi hauna kosa. Kapita aliheshimu nyumba yangu, na mutu hawezi kulaumiwa kwa hiyo. Mimi sikujua jiwe limefika wapi. Pengine hata tungeondoka mapema tungekosa, mto hauna ahadi. Nikifika hapo nasema bon, imekwisha. Halafu nakumbuka vile alivyokaa ndani ya mtumbwi, kasia juu ya magoti.

Sasa nimestaafu, na Kapita tulishamzika. Lakini kila maji yakikaribia kushuka nafunga waya chache. Siziweki tena chumbani. Nazitundika nje, kwenye msumari kando ya mlango, hata kama kutu itazila. Mwaka jana, tukiwa kwenye sala ya Idi, mutu alichukua mbili. Mke wangu alitaka kujua ni mwizi gani huyo wa sikukuu. Nikamwambia amwache.