Chumvi ya Kubeba Kichwani

"Ukinyima serikali chumvi, nani anakula mboga bila chumvi?"

Mama aliniuliza hivyo jikoni kwetu Koboko, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa nyumbani likizo ya chuo kikuu. Nilichokuwa nacho ni hotuba, basi nikampa hotuba.

Wakati ule serikali yetu ya Uganda na ile ya Sudan zilikuwa hazisemezani. Kila moja iliwalisha waasi wa mwenzake, na sisi wa mpakani tulikuwa tukizika watu waliokanyaga mabomu yaliyotegwa njiani. Ng'ambo ya mpaka, ukishapita kijiji chetu cha mwisho, Kuluba, palikuwa na mji wenye kambi kubwa ya jeshi lao. Amri ikatoka kwamba mtu yeyote asiuze kitu upande ule, iwe chumvi, sabuni au unga wa muhogo. Askari wetu wakaweka kizuizi barabarani, na soko la Koboko, lililozoea wateja wanaovuka kwa miguu tangu alfajiri, likapooza.

Mama aliuza chumvi. Aliinunua mjini Arua kwa magunia na kuipima kwa kopo sokoni. Mdogo wake wa kike alikuwa ameolewa ng'ambo, na tangu barabara ifungwe hatukujua kama yu hai.

Nilimweleza jinsi vikwazo vinavyofanya kazi, kama nilivyofundishwa. Serikali adui inakaushwa polepole, wananchi wake wanachoka, mwishowe wanaigeukia. Nikampa mfano wa kwetu. Nchi za nje zilikataa kununua kahawa ya Uganda, na muda si mrefu, mwaka 1979, serikali ikaanguka.

"Ilianguka na mizinga ya Tanzania," Mama alisema. "Mimi nilikuwa hapa. Wewe ulikuwa unanyonya kidole."

Sikuwa mdogo kiasi hicho. Baba alikuwa askari wa serikali hiyo, akaenda vitani asirudi, na sisi tukakimbilia Sudan pamoja na karibu Koboko nzima. Lakini kumbukumbu yangu ya kabla ya kukimbia ni ya chakula. Madukani hamkuwa na kitu. Mama alichoma maganda ya maharage, akachuja maji kwenye majivu yake, na maji hayo machungu ndiyo tuliyotia kwenye mboga badala ya chumvi.

"Sasa niambie, msomi. Rais iko siku moja alikula mboga ya majivu?"

"Hapana, Mama. Lakini..."

"Lakini! Hiyo neno haiishi kwa mdomo yako."

Wiki hiyo tulibishana kila tulipokutana, yeye akichambua dengu, mimi nikimfuata na maswali. Nilikuwa hivyo tangu utoto, na yeye alilalamika tangu utoto wangu, ingawa nilimsikia akiwaambia wenzake sokoni kwamba binti yake alimuuliza hata imamu maswali, mpaka imamu akaomba maji ya kunywa.

Kisha tukatangaziwa mkutano. Mkuu mmoja wa serikali kutoka Arua angekuja siku ya soko, pamoja na kamanda wa askari wa kizuizini, kusikiliza maoni ya watu kuhusu ile amri, ibaki au iondolewe. Mama akasema atasimama aseme.

Niliogopa. "Wewe ni mjane wa askari wa serikali ya zamani," nilimwambia. "Ukiomba njia ifunguliwe, watasema unalisha waasi walioko ng'ambo. Watakuchukua."

Hayakuwa maneno ya kutishana tu. Watu walikuwa wamepelekwa kwenye kambi ya askari wetu kwa kusema machache kuliko hayo, hasa watu wa familia kama yetu, ambao kila serikali mpya iliwatazama kwa jicho la pembeni.

"Watasema," alikubali, na kuendelea na dengu zake.

Siku ilipofika, soko lilijaa watu kuliko bidhaa. Wafanyabiashara wenye malori walizungumza kwanza, wakataka amri yote ifutwe. Baada yao akasimama mama kijana aliyeuza sabuni karibu na meza ya Mama. Mume wake alikanyaga bomu asubuhi moja akielekea shambani kijijini Lurujo.

"Bomu ilitoka kule," alisema, akinyoosha mkono kuelekea mpakani. "Nyinyi mnataka mimi niuze sabuni, mutu aliyeleta bomu aoge? Anuke! Hata nguo yake ioze!"

Hakuna aliyecheka. Kama wangetuambia tupige kura kwa kunyoosha mikono wakati ule, ningenyoosha wa kwangu pamoja naye.

Ndipo Mama akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni. Hakuanza na wakubwa. Alimgeukia muuza sabuni.

"Mutoto yangu, hata mimi sitaki huyo mutu aoge." Watu wakaguna. "Lakini yeye hakuji hapa na miguu. Yeye anatuma lori. Anayekuja na miguu ni mama iko na mutoto mugongoni." Kisha akawatazama wageni. "Afande, mzee, mimi naomba hivi. Kile mama anaweza kubeba na kichwa, kipite. Kile kinataka lori, kikae."

Wenye malori walinung'unika. Kamanda alisubiri wanyamaze.

"Mama, risasi nazo hubebwa kichwani."

"Ndiyo, afande. Askari yako anatafuta risasi namna gani?"

"Anapekua."

"Anachoma beseni na fimbo! Unga inamwagika, risasi inabaki chini." Soko zima lilicheka, hata askari wawili waliokuwa nyuma ya kamanda. "Sisi tutakaa hapo kizuizini. Beseni zote tutafungua sisi."

Mkuu kutoka Arua hakuelewa, ikabidi aelezwe. Kwetu, wanawake wakikutana njiani wamebeba, mmoja hufunua beseni la mwenzake na kutazama kilichomo, salamu zikiwa bado mdomoni. Akiona unga atauliza umesagwa wapi, akiona samaki atanusa. Haombi ruhusa. Ukipishana na mwanamke usifunue beseni lake, umemtangazia ugomvi, na kufika jioni mtaa mzima utakuwa ukiuliza mmekosana nini. Kwa hiyo mikono ya mama zetu inajua uzito wa unga na uzito wa kitu kilichofichwa ndani ya unga.

Hapo binti mwenye adabu angebaki ameketi. Nilisimama.

"Na kambi ya kule ikiwatuma hao wanawake?" niliuliza. "Mmoja akivuka asubuhi, akarudi adhuhuri, akarudi tena alasiri, hilo si lori?"

Watu waligeuka kunitazama. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Huyu si binti yake?" Mwingine akajibu, "Ndiye. Shule imemuharibu."

Nilimwona Mama akitafuta jibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikufurahi kumshinda. Akawageukia wanawake wenzake. Wakaongea wote kwa pamoja, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili, mpaka muuza dagaa mmoja akapiga kelele, "Mara moja! Siku ya soko, mutu mmoja, beseni moja, mara moja. Sura tunazijua!"

"Mara moja," Mama alirudia, akimwambia kamanda.

Mkuu kutoka Arua akamuuliza muuza sabuni anasemaje.

"Mimi sitauza," yule mama alisema. "Kwa wao, sitauza. Lakini kufungua beseni, nitafungua. Kama kuna kitu mbaya ndani, wacha mimi nikione."

Kamanda aliongea pembeni na mkuu, kisha akasema tutajaribu soko linalofuata, na ikiingia risasi hata moja atamjua wa kumuuliza. Alisema hivyo akimwangalia Mama. Hakuna aliyekuja kumchukua, siku ile wala baadaye.

Tulirudi nyumbani, na karibu na mlango Mama akasimama.

"Ulinipiga mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Vizuri. Sasa nani atasema hii maneno tulipanga nyumbani?" Akacheka peke yake, akaingia ndani. Nilibaki nje kidogo. Nilijiona nimerefuka kwa fahari.

Soko lililofuata nilikwenda naye kizuizini. Wanawake wetu walikaa kwenye viti vya miguu mitatu kando ya barabara, muuza sabuni akiwa wa kwanza upande wa mpaka. Walipotokea wale wa ng'ambo, walikuja wachache, wamekonda, mabeseni yao yana ufuta na asali. Muuza sabuni alisimama, akafunua la kwanza, akatia mkono hadi chini, akaugeuza ufuta taratibu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ulivunwa wapi. Mama alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Mmoja wa wale wa ng'ambo alimwambia Mama kwamba mdogo wake yu hai. Alikuwa akiuza kuni, na alikuwa amezaa.

Sijui ni chumvi kiasi gani iliyopita kwa vichwa ikaishia jikoni mwa kambi. Ipo iliyofika, na sitadai vinginevyo. Sijui pia kama muuza sabuni aliwahi kuwauzia. Ninachojua ni kwamba maskini wa upande mmoja walikaa wakatafuta njia ya kumbana adui bila kumbana jirani, wakaipata kwa kubishana hadharani, wala hakuna aliyewafundisha. Nilirudi chuoni nikijivuna, na sijaacha.

Miaka mingi baadaye, nikifanya kazi Arua, nilizoea kununua ufuta kwa mama mzee mkimbizi kutoka upande ule. Siku moja nilimsimulia mkutano wetu, na jinsi tulivyowafungulia njia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba msimu uleule serikali yao nayo ilikuwa imepiga marufuku kununua kitu chochote cha Uganda, ili kutuadhibu sisi. Kwamba aliyekamatwa na chumvi yetu alichapwa viboko mbele ya soko. Na kwamba wale wa kwanza tuliowaona barabarani walikuwa wamekuja kwa kupita kwenye mashamba ya mtama, wakiwakwepa askari wao, bila ruhusa ya mtu.