Kapasita ya Ubatizo wa Candia

Mkasa huu sijawahi kumsimulia mke wangu, maana ananiita fundi na ningependa aendelee kuniita hivyo. Enzi za utawala wa wanajeshi nilikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya umeme katika chuo cha Kyambogo, Kampala, na mtaani kwetu Kyebando nilisifika kwa kutengeneza redio (sifa zilikuwa zimenitangulia mbali sana).

Jirani yetu alikuwa sajini. Siku ya ubatizo wa binti yake, Candia, redio yake kubwa ya umeme ikawa inanguruma tu, akaniita. Nikaifungua mbele ya wageni wote: kapasita imevimba. Siku hizo vipuri madukani hakuna, tulichomoa vya redio zilizokufa, na mfukoni nilikuwa nayo moja ya namna hiyo, ila maandishi yake yamefutika. Sasa kapasita ya aina ile ni kama pipa dogo la kuwekea umeme, ina mguu wa chanya na mguu wa hasi, ukiigeuza inachemka mpaka inapasuka. Kipimo cha kunionyesha upi ni upi kilikuwa nyumbani, mwendo wa dakika tano. Lakini wageni wananitazama, Mama Candia keshaniletea soda, nikaona haya kusema sijui. Nikabahatisha.

Nikalehemu, nikachomeka, redio ikaimba! Watu wakapiga makofi, nami (mjinga mimi) nikaanza kuwahutubia kwamba umeme unataka kichwa, na sijafika popote, PAA! Moshi mweupe.

Kampala ya siku zile mlio kama huo huulizii, unalala. Ua mzima ukalala. Mimi nilikuwa kifudifudi nimenyoosha mikono, napiga kelele "Si mimi!" wala hajaniuliza mtu. Sajini, na sare yake iliyopigwa pasi asubuhi, alikuwa kalalia sinia la matoke.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akainuka na mchuzi wa karanga kifuani, akaja kunisimamia kichwani, na hapo niliogopa kweli, kwani watu walikuwa wakipotea kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Wewe! Nani natuma wewe?"

"Hapana mtu, afande. Ni kapasita, nimegeuza miguu yake."

"Miguu yake wewe najua, ao hapana?"

"Sijui, afande. Nilibahatisha."

Neno nililolionea haya mbele ya soda, nikalitamka mdomo ukiwa kwenye vumbi, na kila mgeni akalisikia.

"Baba Candia," mkewe akasema taratibu, "toa shati kwanza. Hii matoke iko moto."

Sajini akajitazama kifua. Akacheka yeye kwanza, ndipo wengine wakapata ruhusa.

"Lete ingine," akaniambia. "Lakini sasa redio nakaa kwa mapaja yako."

Akanisindikiza nyumbani kuchukua kapasita na kipimo. Nilipima mara tatu, kisha nikakaa na redio mapajani inaimba, mpaka mgeni wa mwisho alipoaga. Tangu siku hiyo neno "sijui" nalisema mapema, nikiwa bado nimesimama.