Uunsi wa Maka

Ukitaka kumfahamu Qali Warfa, usimuulize habari za nguo anazouza sokoni Garissa. Mtazame yeye mtoto wa mtu anapokohoa. Bei humkatikia mdomoni, na harudi kwa mteja mpaka kikohozi kiishe. Wenzake humtania kwamba ana sikio la daktari. Daktari wapi! Ni woga tu, na haujamtoka tangu amzike mwanawe Deeq.

Deeq alikuwa na pumu. Jioni aliyozidiwa, kifua kikimlia filimbi, bibi yake Maka alisema mtoto ameingiwa na jini. Akafunga mlango, akatia makaa kwenye chetezo na kumfukiza kwa uunsi, ule ubani wa sukari na manukato alioupika mwenyewe, ambao wanawake wa mtaa mzima waliununua kwake. Alifanya kwa mapenzi, na Qali ndiye aliyemshika mtoto asikwepe moshi. Walipofika hospitali, Qali alikuwa amebeba maiti.

Baada ya msiba, muuguzi Nasteha alimweleza Qali polepole jinsi moshi unavyombana mwenye pumu. Qali alilia, akarudi nyumbani, akanyamaza. Angemwambiaje Maka, mama mkwe wake? Kikongwe angekufa kwa majuto. Basi uunsi uliendelea kufukizwa kila jioni, na kila harufu ilipopanda, Qali alimsikia Deeq akivuta pumzi nyuma ya pazia. Hakuwa na wazimu. Alijua hapakuwa na mtu, na bado alilifunua.

Miaka ikapita. Kisha binti yake mdogo, Sabrin, naye kifua kikaanza kumlia filimbi.

Hapo Qali hakukaa tena. Yeye na Nasteha wakaunda muungano wa kupambana na pumu. Sheikh akakubali kuligusia jambo hilo Ijumaa, walimu wa madrasa wakajifunza dawa ya kuvuta, wachoma taka wakahamia mbali na nyumba. Mambo yalikwamia kwenye uunsi.

"Moshi ya taka, sawa," wanawake walimwambia Qali. "Lakini nyumba bila uunsi ni zizi, abaayo. Maka akiacha kufukiza, na sisi tutaacha."

Kwa hiyo Maka akaalikwa kwenye mkutano. Alikaa mbele, Sabrin mapajani, akamsikiliza Nasteha mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mtu akifunga mlango, afukize mtoto ya pumu, inakuwaje?"

Nasteha alimtupia Qali jicho. "Mtoto anaweza kufa, ayeeyo."

Mle chumbani hakuwepo asiyejua ni mtoto gani anayeulizwa. Maka akamgeukia mkwewe.

"Qali, ulijua?"

"Nilijua, eddo," Qali alimjibu mama mkwe wake.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika."

Maka alitikisa kichwa kama mtu anayekataa chakula. Kisha akasimama kwa shida, akawaambia wanawake: "Mimi sipiki tena. Mtu asije kwangu kutafuta uunsi. Mjukuu yangu nimemuua na mkono yangu, wallahi, nilidhani namponya."

Walilia, kisha mmoja baada ya mwingine wakaahidi kuacha. Hicho ndicho Qali alichokihangaikia tangu muungano uanze, na sasa alipokipata alitamani ardhi immeze.

Walirudi nyumbani pamoja, Maka akimshika Sabrin mkono. Karibu na mlango kikongwe akasimama.

"Ulinyamaza kwa kunihurumia," alisema.

"Ndiyo, eddo. Niliogopa utakufa."

"Mimi ni mzee, gabadhey. Kufa ni kazi yangu. Lakini huyu amelala ndani ya moshi yangu tangu azaliwe, na wewe unajua. Yeye ulimhurumia lini?"

Qali alipoinamisha macho, yalikutana na ya Sabrin. Mtoto naye alikuwa anangoja jibu.