Sala Niliyoiandaa kwa Hasira

Juma lile nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: mtu akisali kwa hasira, Mungu anaipokea sala yake au anaihesabu kuwa matusi? Nilikuwa nayo sala ya namna hiyo, imekamilika kichwani, nikiisubirisha hadi Jumamosi, zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali nyumbani kwetu.

Aliyeanza ni mama mdogo. Nilipomaliza chuo na ajira kugoma, ndiye aliyenichukua nikae kwake Katonga, kando ya ziwa, anakokausha dagaa. Jumamosi iliyotangulia tulisali kwa jirani. Ulipofika wakati wa kila mtu kutoa nia yake ya kuombewa, mama mdogo alifumba macho na kuinua mikono.

"Ee Bwana, tunakuletea huyu mtoto wetu. Digrii anayo, lakini analala mpaka saa tatu. Mwondolee hilo pepo la usingizi. Na tangu aachwe na yule binti wa kule Rusimbi, Bwana, ana jeraha moyoni, mponye."

"Twakuomba utusikie!" watu wakaitikia, tena kwa nguvu.

Nilifungua jicho moja. Nikakuta kila mtu amefungua la kwake, ananitazama.

Tangu hapo sikupita kwa amani. Muuza ndizi alinipigia makofi: "Msomi kaamka! Jamani, Mungu anajibu!" Nilipomwamkia mwenyekiti wa jumuiya shikamoo, aliitikia marahaba kisha akainama kidogo kama daktari: "Usingizi unapungua?"

Ubaya wa kuombewa ni kwamba huna pa kulalamikia. Ukimkasirikia aliyekutukana, watu watakuelewa. Ukimkasirikia aliyekuombea, basi pepo ni lako kweli. Ndiyo maana nikaamua kujibu kwa njia ileile. Ningefumba macho na kusema: "Bwana, mwone mama mdogo. Mwezeshe aache kuchanganya dagaa walionyeshewa mvua na dagaa wakavu." Na jumuiya yote ndiyo wateja wake. Kwa sentensi moja biashara yake ingekufa, tena watu wangeitikia.

Kilichonitesa ni lile fundisho kwamba jua lisizame mtu akiwa bado na hasira. Sasa, kwetu jua halizami moja kwa moja, linaingia kwanza nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Je, hapo limezama, au limejificha tu? Nikajiambia kwamba Wakongo bado wanaliona, kwa hiyo muda ninao. Nikajiongezea muda hivyo kila jioni, mpaka Jumamosi ikafika.

Alasiri hiyo mama mdogo aliniita tuanue dagaa kwenye chanja kabla wageni hawajafika. Alikuwa na furaha.

"Leo nakuombea tena," alisema. "Wiki iliyopita nilikuwa na mafua, sauti haikutoka vizuri."

Dagaa walinimwagika. Jua lilikuwa limebakiza kidogo kuigusa milima. Nikaona kwamba nisiposema sasa, nitasema mbele ya watu, na nitasema vibaya.

"Mama mdogo, mimi nimekukasirikia."

"Lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Na ugali wangu ulikuwa unakula?"

"Nilikula."

"Kwa hasira?"

"Kwa hasira."

"Ndiyo maana ulikuwa unaongeza."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. "Umeyaanika mambo yangu kama hawa dagaa. Si ungemwambia Mungu chumbani?"

"Chumbani nimeshamwambia sana." Akaacha kuanua. "Wewe huongei. Unajifungia humo ndani, mimi nabaki kusikiliza kama unapumua. Nilitaka wenzangu wanisaidie kumsukuma Mungu. Ningefanyaje?"

Nikamweleza sala yangu yote, pamoja na kipande cha dagaa walionyeshewa.

Akashika kiuno. "Ungesema hivyo mbele ya mwenyekiti? Juzi tu kanunua makopo mawili!"

"Wale walionyeshewa?"

"Wachache," alisema, akatazama pembeni. Kisha akacheka mpaka akakaa mchangani, nami nikacheka. Tulipoinua macho, jua lilikuwa limeshaingia Kongo.

Watu walipojaa sebuleni, mama mdogo alianza: "Bwana, nia yangu unaijua." Akaishia hapo.

"Fafanua, mama," mwenyekiti akamhimiza, "tuombe vizuri."

"Anaijua."

Ikawa zamu yangu. Nilimwona mama mdogo amefungua jicho moja, ameshika ncha ya khanga kwa mikono miwili. Nikafumba ya kwangu yote mawili.

"Tumwombee mama mdogo," nikasema, "aliyenipa pa kulala, hata mpaka saa tatu."

"Twakuomba utusikie!" Sauti ya mama mdogo ndiyo iliyotangulia, na mafua yalikuwa yamekwisha.